Kwa Nini Kafanya Vile? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msukumo wa Mhusika

Majibu haya ni kwa anayeandika hadithi fupi, riwaya au tamthilia na anataka wahusika wake wawe watu. Nitamtumia mhusika mmoja wa kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anaitwa Mama Neema, mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama huko Mbagala, Dar es Salaam. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, kwa hiyo hakuligusa. Alichofanya ni kupokea marejesho ya wenzake kwa simu, na kila Jumamosi akawaambia kwamba pesa zimo, atazitoa zote siku ya kuvunja kikoba na kugawana ili makato yawe ya mara moja. Zimebaki wiki tatu kikoba kivunjwe. Kwenye simu hamna kitu.

Msukumo una tofauti gani na tabia?

Tabia ni namna mtu alivyozoeleka: mpole, bahili, mcheshi, mkali. Msukumo ni kile kinachomwinua kitini. Wengi wanaoanza kuandika hujaza karatasi kwa umri wa mhusika, kabila lake, chakula anachokipenda na hasira zake, kisha wakadhani wamemmaliza. Walichopata ni picha ya pasipoti. Mpole anaweza kuua, na bahili anaweza kumjengea jirani yake nyumba. Msomaji anataka kujua ilikuwaje.

Ukisema Mama Neema aliiba kwa sababu ya tamaa, umefunga jalada kabla kesi haijasikilizwa. Tamaa ni jina ambalo majirani watalitoa baadaye. Wewe mwandishi una maswali mengine. Kwa nini yeye? Kwa nini mwaka huu, na si miaka sita yote aliyoshika daftari? Na kwa nini pesa za kikoba, ilhali ana kaka mwenye duka ambaye angemkopesha? Mimi ningeanzia kwenye hilo la kaka.

Nianzie wapi kumjenga?

Anzia kwenye tendo lenye gharama, yaani jambo ambalo mhusika akilifanya, lazima kuna kitu atapoteza. Kisha rudi nyuma ukiuliza "kwa nini" mpaka ufike mahali ambapo yeye mwenyewe hapendi kuulizwa.

Tujaribu. Kwa nini alichukua pesa? Ada ya Neema na kodi ya nyumba. Kwa nini hakuwa nazo? Mumewe alipunguzwa kazini miezi minne iliyopita. Kwa nini basi hakukopa kikobani kama wenzake? Hisa anazo, mkopo ni haki yake. Hapa ndipo pa kupunguza mwendo. Hakukopa kwa sababu mkopo huombwa mbele ya kikao, na kikao huuliza ni wa nini. Na kwa nini aogope swali hilo? Kwa sababu alipokuwa na miaka tisa mama yake alikuwa akimtuma jioni kwa jirani na bakuli, akaombe unga. Jirani hakuwahi kumnyima. Ila kabla ya kumpimia alimwita kwanza binti yake, wa umri uleule, aje aone.

Ukifika kwenye bakuli, simama. Sasa wizi wake una maana: yuko radhi kuitwa mwizi siku ambayo bado haijafika kuliko kuonewa huruma leo. Kwa kaka yake hawezi kwenda kwa sababu hiyohiyo, maana wifi yake atakuwepo, naye atamtazama.

Kwa hiyo unapoandaa mhusika, yajue mambo matatu na usiyachanganye: anachosema anakitaka (Neema amalize shule), anachokitaka kweli (kubaki yule mwanamke ambaye wengine humkimbilia wakiwa na shida), na anachokiogopa (kuonekana mhitaji). La kwanza atalitamka mwenyewe. La pili msomaji ataling'amua kwa matendo. La tatu lifiche kadiri uwezavyo, kwa maana Mama Neema naye analificha.

Ile piramidi ya mahitaji tuliyofundishwa darasani inanisaidia?

Inasaidia, ila ukiipanda kama ngazi itakupoteza. Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha nadharia yake mwaka 1943. Alitaja mahitaji ya mwili, usalama, upendo na kuwa na watu wako, heshima, na mwisho mtu kuwa kile anachoweza kuwa. Umbo la piramidi lilichorwa na wengine baadaye. Katika makala yaleyale, Maslow alikiri kwamba mpangilio huo haukukazwa kwa misumari, na kwamba wapo watu wanaotoa kila kitu kwa ajili ya jambo wanaloliamini.

Sisi waandishi tunaishi hapo mpangilio unapopinduka. Tazama watu wanaokuzunguka. Mtu hana chakula cha uhakika lakini mchango wa harusi anatoa, tena jina lake lisomwe. Mwingine anaweka shamba rehani ili matanga ya baba yake yasiwe ya kusemwa. Mama Neema anahatarisha paa la nyumba yake ili kulinda heshima yake. Mahali ambapo mhusika wako anaruka haja ya chini kwenda kuilinda ya juu, hapo weka sura nzima.

Kuna nadharia nyingine yenye manufaa kwa mwandishi?

Ninayoitumia sana ni ya Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Wanasema nafsi ya mtu ina haja tatu: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza, na kufungamana na wengine. Mpe mhusika mbili, mnyime moja, na hadithi itaanza kutembea. Kijana analelewa na mjomba, anasimamia duka la mjomba, anapendwa na wote na kazi anaimudu vizuri, ila hajawahi kuamua hata bei ya kiberiti. Huhitaji kumtafutia adui. Mpe ufunguo wa duka kwa wiki moja mjomba akiwa safarini, uone.

Mhusika wangu mwovu anaonekana kikatuni. Nimfanyeje?

Mpe visingizio, tena uvipange vikue kimoja baada ya kingine. Mwovu wa kikatuni anajijua kuwa ni mwovu. Mtu wa kweli kila asubuhi ana sababu nzuri.

Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwandishi angelikumbuka. Wanafunzi wa Stanford walipewa kazi ya kuchosha kwa muda wa saa moja, ikiwemo kuzungusha vigingi kwenye ubao, robo mzunguko kila mara. Kisha wakaombwa wamwambie mtu anayefuata kwamba kazi inafurahisha. Baadhi walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Walipoulizwa baadaye wao wenyewe waliionaje kazi, waliolipwa dola 1 ndio walioisifu zaidi. Wa dola 20 walijua kwa nini wamedanganya: pesa. Wa dola 1 hawakuwa na sababu ya kutosha, basi wakabadili kile wanachokiamini ili uongo usiwakere.

Sungura wetu alilijua hilo zamani. Aliporuka akazikosa ndizi, akasema, sizitaki mbichi hizi.

Mama Neema wiki ya kwanza anajiambia: nimeazima, nitarudisha. Wiki ya tano: miaka sita nabeba daftari hili bila hata posho ya sabuni, nani ameniuliza nauli? Wiki ya tisa: mbona Mwajuma alichelewesha marejesho mwaka jana, nani alimsema, au kwa kuwa ni mwenyekiti? Angalia kilichotokea. Mwanzo alikuwa mwenye deni. Sasa yeye ndiye anayedai. Hajawa mtu mbaya hata siku moja machoni pake, na msomaji amemfuata hatua kwa hatua mpaka naye akaanza kumkasirikia Mwajuma. Ukimfikisha msomaji hapo, mhusika wako hana ukatuni tena.

Jambo moja la kuzingatia: faida ndogo huzaa kisingizio kikubwa. Mhusika anayeuza siri kwa mabilioni hahitaji kujieleza. Anayeiuza kwa elfu hamsini atajieleza maisha yake yote, naye ndiye wa kuandikwa.

Lazima mhusika awe na jeraha la utotoni?

Hapana, na ningefurahi tungepunguza. Hadithi nyingi siku hizi zina mhusika aliyechomewa nyumba, akafiwa na wazazi, akateswa na mama wa kambo, yote kabla ya ukurasa wa kumi, kana kwamba ukubwa wa msiba ndio ukubwa wa mhusika.

Mary Ainsworth, mmoja wa waliochunguza mno mfungamano kati ya mtoto na mzazi, alianza kazi hiyo hapa kwetu Afrika Mashariki. Alifika Uganda mwaka 1954, akatembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake juu ya watoto hao kikatoka mwaka 1967. Aliyaona mambo madogo kabisa. Mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa akaenda kuchunguza chungu au kuku, hurudi, kisha huenda tena. Mwingine analia hata akiwa mapajani, hathubutu kwenda mbali. Hakuna nyumba iliyoungua hapo. Ni mtindo wa kila siku wa kuitikiwa au kutoitikiwa.

Kwa hiyo tafuta jambo dogo lililojirudia. Bakuli la unga linatosha. Na usiliache liwe hesabu ya moja kwa moja, jeraha hili sawa na tabia hii. Mama Neema ana mdogo wake wa kike aliyetumwa na bakuli lilelile kwa jirani yuleyule. Mdogo huyo leo anakopa mtaa mzima, anacheka, analipa akipata. Waweke dada hao wawili jikoni pamoja, wakatekate mchicha, na huhitaji kumweleza msomaji chochote kuhusu utoto.

Mhusika wangu anataka mambo mawili yanayopingana. Ni kosa?

Ni zawadi. Waswahili tuna msemo wake: kisebusebu na kiroho papo. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliigawa migongano ya nafsi katika sampuli: mtu kati ya mazuri mawili, kati ya mabaya mawili, au mbele ya kitu kimoja kinachomvuta na kumsukuma kwa pamoja. Hiyo ya tatu ndiyo yenye utamu zaidi kwa hadithi, kwa sababu mhusika akikikaribia hofu inapanda, akikimbia hamu inarudi. Mama Neema anatamani mtu agundue. Anamtembelea mdogo wake mara tatu kwa wiki, anakaa, anasema ana haraka, hatoki.

Kuna mfano kutoka katika fasihi yetu ya kale?

Upo, na sijauona unaoushinda: kisa cha Fumo Liyongo. Kisa kinajulikana pwani nzima. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo, silaha hazimwingii, hivyo anamtumia mwanawe wa kumzaa. Kijana anaahidiwa cheo na kuozwa binti mfalme. Anakwenda kwa baba yake, anamuuliza siri ya kifo chake, anaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni. Anarudi nayo, anamchoma.

Masimulizi yanatupa ahadi za mfalme kama sababu, na mtoto akisikiliza hadithi hutosheka nayo. Mwandishi asitosheke. Kijana huyu amekua akiwa mwana wa mtu ambaye jina lake peke yake hukimbiza watu. Ana haja gani ambayo baba hawezi kumpa, na mfalme ameweza? Kuwa mtu bila ya "bin Liyongo". Mfalme ni mtu wa kwanza kumwambia: wewe utafanya jambo ambalo hakuna mwingine awezaye. Na katika jambo hilo mfalme hasemi uongo.

Kuna lingine linalonisumbua zaidi. Liyongo hakuwa mjinga. Alimhadharisha mwanawe kwamba kama wenye hila wamemtuma, watamhadaa na atakuja kujuta. Kisha akamwambia siri. Kwa nini? Je, kumshuku mtoto wake kwa sauti kulikuwa kuzito kuliko kufa? Je, alikuwa amechoka kuishi porini, akiwindwa? Au alitaka kuona, mara moja tu, kama mwanawe atamchagua yeye? Masimulizi hayasemi, na kutosema huko ndiko kunakomfanya aendelee kuishi vichwani mwetu. Baada ya kuchomwa, Liyongo alijikokota hadi kisimani, akafa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji siku kadhaa wakidhani yu hai. Hata maiti yake ilikuwa na msukumo.

Zoezi ninalolipenda: andika ukurasa mmoja wa usiku ule kijana amelala chumba kimoja na baba yake, sindano iko chini ya mkeka. Usiitaje ahadi ya mfalme hata mara moja.

Nitauonyeshaje msukumo bila kuueleza?

Mpe mhusika kitu mkononi na mtu wa kumficha jambo. Hapa Bi Mwajuma, mwenyekiti, amepita nyumbani kwa Mama Neema:

"Hodi humu ndani."

"Karibu, dada. Karibu ukae. Za tangu juzi?"

"Nzuri. Napita tu. Shemeji hajambo? Siku hizi namwona yupo mchana."

"Yuko likizo." Mama Neema ameshainuka. "Ngoja nikupatie chai."

"Wala usihangaike, mama."

"Chai nayo ya kuhangaikia, dada yangu!"

Akatia vijiko vinne, sukari yote iliyokuwemo. Akalifunika kopo tupu vizuri, akalirudisha rafuni, lebo ikitazama mbele.

Neno aibu halimo. Hofu haimo, ada haimo, bakuli halimo. Ila mwenye macho ameliona kopo. Ningeongeza sentensi moja, "Hakutaka Mwajuma ajue kuwa hawana kitu," ningemnyang'anya msomaji kazi yake, na msomaji aliyenyang'anywa kazi husinzia. Ukipitia mswada wako, piga mstari chini ya kila "kwa sababu" iliyotoka kinywani mwa msimulizi. Nyingi hazitahitajika.

Mazungumzo nayo yana kanuni yake kwetu. Mtu mzima hamwambii mwenzake jambo zito moja kwa moja. Hupitia salamu, watoto, mvua. Msukumo hukaa katika kile anachokirudia au anachokiruka. "Yuko likizo" ni maneno mawili, na yamebeba miezi minne.

Mhusika wangu anaamini amerogwa. Saikolojia inaingiaje hapo?

Inaingia kwa mlango huohuo. Usimcheke, wala usimsahihishe kupitia msimulizi. Imani ya kurogwa ina majibu ya haja za kweli: inampa sababu ya mkosi, inampa mtu wa kumlaumu, inamwondolea lawama. Uliza anamtuhumu nani. Mume wa Mama Neema akisema kazi yake imeondoka kwa husuda za ndugu yake fulani, tumejua palipo na kidonda cha zamani kati yao. Uliza pia imani hiyo inamruhusu kufanya nini ambacho bila hiyo asingethubutu. Awe kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji, mtu anayetafuta tiba ana anachotaka kusikia, na hicho ndicho cha kuandika.

Kila mhusika awe na undani wote huu?

La. Kondakta anayerudisha chenji pungufu katika aya moja hahitaji utoto. Fisi wa ngano zetu ni mlafi tangu enzi na enzi, naye anaifanya kazi yake vizuri. Undani uwe kwa wale ambao uamuzi wao unageuza kisa.

Mwishoni mhusika abadilike?

Si lazima abadilike. Lazima abanwe. Mfikishe mahali ambapo anachokitaka na anachokiogopa vimekaa kwenye kiti kimoja.

Mama Neema ana uongo tayari mfukoni, na unaaminika: atasema matapeli wa simu wamemwibia. Wengi wameibiwa hivyo, kikao kitamwamini. Lakini fikiria kitakachofuata. Wanawake watamzunguka, watamshika mabega, watasema pole, maskini, watamchangia. Uongo unaomwepusha na polisi unampeleka mlangoni kwa jirani yule, bakuli mkononi. Ukweli unamfanya mwizi, ila mwizi haonewi huruma. Sijui wewe ungemwelekeza wapi. Mimi ningemwandikia aanze kuusema uongo, asikie "pole" ya kwanza, anyamaze.

Wasomaji wananiambia, "Huyu hangefanya hivyo." Nirekebishe nini?

Mara nyingi tendo lenyewe halina kosa. Linakosa kutangulizwa. Usiende kwenye sura ya tendo kuongeza maelezo. Rudi sura ya kwanza uweke tukio dogo lenye umbo lilelile, mahali ambapo hakuna anayelitilia maanani. Kwa Mama Neema ningeweka hili: baada ya kikao, mwenzake mmoja hana nauli. Mama Neema anafungua pochi haraka kabla mwingine hajafungua yake, anampa, anakataa kurudishiwa. Daladala inaondoka na wote. Yeye anabaki kituoni Rangi Tatu na pochi tupu, anashika njia kwa miguu jua likiwa utosini, na kila anayemsalimia anamwambia siku hizi anafanya mazoezi.